Hoteli yataka tuondoe na majani ya bahari, tukubali ama tukatae?

mkaazi_wa_pwani:
Wadau habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kwa jambo linalotugawanya hapa kwetu, maana tukikaa nalo wiki nyingine kikundi kitavunjika.

Niko upande wa Watamu, pwani ya Kenya, tuko na kikundi cha vijana na akina mama kadhaa. Wengi wetu ni wale waliokuwa wakiuza vinyago na kupeleka wageni kwa boti za vioo kule marine park, korona ilipoingia wageni wakaisha, tukaanza kuokota taka ufuoni ili tusikae bure na imeendelea mpaka leo. Twaokota chupa, patipati (ndara), vipande vya nyavu, vifuniko, vijiti vya kusafishia masikio (hivyo ni vingi ajabu sijui vyatoka wapi), kila kitu. Chupa na zile plastiki ngumu twachambua zaenda kwa mnunuzi, patipati zina watu wake. Mabaki yasiyouzika ndiyo kichwa chauma lakini hiyo nitaifungulia uzi wake.

Sasa juzi meneja wa hoteli moja, jina naliacha, katuita. Asema apenda kazi yetu na yuko tayari kutulipa kila mwezi, na ni pesa ambayo kusema kweli hatujawahi kuishika. Sharti lake ni moja, tukiokota plastiki tuondoe na majani ya bahari, yale yanayoletwa wakati wa upepo wa kusi yakirundikana ufuoni mpaka magotini. Ataka kila siku kabla wageni hawajaamka ufuo wote mbele ya hoteli uwe mweupe pe, na trekta atatoa yeye. Malalamiko yake ni kuwa wageni wanapiga picha wanaweka mtandaoni wanaandika bichi chafu, yanuka. Na kunuka yanuka kweli, jua likiwaka siku mbili tatu mfululizo hata mimi nafunga pua.

Kikundi nusu wasema majani ni majani tu, tuchukue pesa. Nusu wasema tusiguse. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi akishona nyavu akatusikia tukibishana, akasema tu "yaondoeni, na msimu ukigeuka mje muutafute mchanga". Kisha akaendelea na nyavu zake, tulipomuuliza akatuambia tumwulize meneja. Nyinyi wa Diani, Kilifi, Unguja, kwenu mwafanyaje?

ngazi_ya_tatu:
Mzee wenu hajakosea. Nimefanya kazi ya shamba, yaani gadeni, kwa hoteli huku Diani miaka mingi. Kila asubuhi tulikuwa twachota majani na trekta, tela linajaa, twaenda kumwaga nyuma kwa shimo. Sasa hebu tazama tela lenyewe, juu ni majani lakini ukimwaga utaona nusu ni mchanga, kwa sababu yale majani yakilowa yanashikana na mchanga na ile koleo ya trekta haichagui. Kila siku mnahamisha ufuo kidogo kidogo mnaupeleka kwenye shimo la taka.

Ile hoteli ilikuwa na ngazi za mawe za kushukia baharini. Nilipoanza kazi ngazi ya mwisho ilikuwa imezikwa mchangani huioni. Baadaye ikatokea, halafu ikawa yaning'inia, mgeni anashuka anaruka. Sisemi ni majani peke yake, bahari ina mambo yake na kusi zingine ni kali kuliko zingine, lakini jirani aliyekuwa haondoi majani ufuo wake ulibaki juu, na sote tulikuwa twauona huo mpaka wa plot zile mbili kwa macho.

Wakaona dawa ni ukuta. Ukuta ukajengwa, wimbi likija linagonga ukuta linarudi kwa nguvu linachimba pale chini, mchanga ukaisha zaidi, na jirani wa upande wa pili naye akaanza kuliwa. Sasa hivi maji yakijaa hakuna bichi pale, kuna ukuta na maji. Mweleze meneja wako hiyo, mwambie pesa ya trekta leo ni pesa ya ukuta kesho.

pesa_kwanza:
Mimi nitasema lile ambalo hamtaki kulisikia. Hawa wa kulinda mazingira wengi wana mishahara yao, mwisho wa mwezi simu inalia mlio. Huyu ndugu hapa ana kikundi cha watu waliokosa kazi, ameletewa kazi, nyinyi mnamwambia aikatae kwa sababu ya nyasi. Asipochukua yeye atachukua mwingine, hoteli itaajiri vijana watano wa kutoka mbali wasiojua kusi wala kaskazi, na watatumia trekta hiyohiyo, majani yataondoka na nyinyi mtakuwa mmebaki na njaa. Chukueni kazi, mengine mtajadiliana mkiwa ndani.

mkaazi_wa_pwani:
@pesa_kwanza hilo ndilo neno la ile nusu ya kwanza, karibu umekuwa kwenye mkutano wetu. Na siwezi kuwalaumu, kuna mama pale ana watoto wanne shuleni.

kasa_na_mwezi:
Mimi huwa najitolea kwa mambo ya kasa kaskazini ya Kilifi kwa hiyo nitaongea la kwangu tu. Trekta sahau. Sahau kabisa. Kasa wengi upande wetu wanapanda kutaga miezi hiyohiyo ya kusi ambayo majani ni mengi. Anapanda usiku, anachimba, anaacha mayai mia na kitu, anafukia, anarudi zake baharini. Mayai yanakaa chini kama siku 60 hivi. Asubuhi kama hakuna aliyepita mapema kuona njia yake (ile alama kama ya tairi pana inatoka majini na kurudi) basi trekta inapita juu, mchanga unashindiliwa, watoto wakianguliwa hawawezi kupanda. Na hata wakipanda, zile nyayo za tairi kwao ni mtaro, unamkuta kamefuata mtaro sambamba na bahari mpaka jua linatoka na kunguru wanafika.

Halafu kuna taa. Mtoto wa kasa akitoka usiku anafuata mwanga, na kawaida yake mwanga ni ule wa bahari, lakini hoteli ikiwa na taa nyeupe kali zimeelekea ufuoni anageuka anaenda kwa baa. Tumewahi kuwaokota chini ya meza ya mgahawa na kwa mtaro wa swimming puli. Kwa hiyo ukiongea na meneja usiende na neno hapana mkononi, nenda na kazi nyingine. Mwambie kikundi chetu kitapita alfajiri kukagua njia za kasa, tukikuta kiota tunapigia watu wa kasa waje kuweka alama, viti vya kujilazia tunavirudisha juu kila jioni, na yeye abadilishe taa za upande wa bahari ziwe za mwanga mwekundu au wa njano hafifu zilizoangalia chini. Kiota kikipasuka jioni mgeni aliyeshuhudia hatakumbuka majani. Hiyo rivyuu atakayoandika meneja hataweza kuinunua.

Watamu mna bahati kuliko sehemu nyingi, shirika la kulinda kasa la Local Ocean Conservation wako hapo tangu 1997, walianza kama Watamu Turtle Watch. Wao ndio wenye ule mpango ambapo mvuvi akinasa kasa kwa wavu anapiga simu, wanakuja wanampima wanamwekea alama na kumrudisha majini, na mvuvi anapata kifuta jasho kwa muda wake na wavu wake. Wavuvi walewale waliokuwa wakila kasa. Nendeni mkaongee nao kabla ya kurudi kwa meneja.

shangazi_jambiani:
Assalaam alaykum, natoka Unguja, huku kusini mashariki. Jamani hii kesi ni yetu sote. Sie huku tuna majani yanayokuja yenyewe na tuna mwani wa kupanda, tangu 1989 akina mama wa Paje na Jambiani wanapanda mwani wa kuuza nje, na mahoteli yalipojaa ufukweni ikawa mgeni anataka kuogelea na kite (kuteleza majini na tiara), mama anataka kamba zake za mwani, wote mahali pamoja. Hapo ndo utajua nani ana sauti.

Ila na sie tuna la kwetu, nisiwe msema upande mmoja. Ukiokota taka huku kwetu, kitu kinachojaa kiganjani ni vile vikamba vidogo vya plastiki vya kufungia mche wa mwani kwenye kamba kubwa, taitai. Vinakatika vinakwenda na maji, vinasokotana na majani, ukivuta rundo la majani unatoka na mia ndani yake. Hivyo huvichambui kwa reki wala trekta, unakaa chini unachambua kwa vidole kama mchele. Huku mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2006, kabla ya bara, bara wamefanya Juni 2019, lakini kamba hakuna aliyeikataza.

Tulichofanya sie na hoteli mbili tatu zenye watu wanaoelewa, tumepima njia. Kutoka ngazi ya hoteli kwenda majini tunasafisha kipande hicho tu, upana wa kupita watu na viti vyao, kwa mkono. Majani tunayasogeza pembeni juu chini ya miti yakauke, hatuyatoi ufukweni. Kwengine hatugusi ila plastiki. Mgeni anayetaka mchanga mweupe anaupata, ndege wanaotoka Ulaya kukimbia baridi nao wanapata vidudu vyao kwenye majani, kila asubuhi utawaona vitwitwi wanadonoa pale. Si kila hoteli imekubali. Moja imetuambia twende zetu.

nahodha_wa_maneno:
Swali la kijinga lakini, kwani hayo majani yana faida gani yakishakufa? Yakiwa hai baharini naelewa, tafi na pono wanakula, kasa anakula, nguva alikuwa anakula enzi zake. Lakini yakishatupwa ufuoni si takataka tu?

ngazi_ya_tatu:
@nahodha_wa_maneno wimbi likipanda likikuta rundo linapoteza nguvu, mchanga uliokuwa unabeba unaangukia hapo. Upepo nao ukipeperusha mchanga mkavu unanaswa na majani. Mwisho wa kusi ukifukua chini ya ule mchanga mpya utakuta majani meusi yameoza humo, ndiyo yaliyoujenga. Na kaskazi ikiingia bahari yenyewe inachukua kilichobaki. Sasa wewe ukiondoa kila siku bahari inakuja kuchukua chake inakuta mchanga mtupu.

mwanasheria_wa_baraza:
Kitu kimoja watu wamekiruka. Kama ufuo uko ndani ya Watamu Marine National Park, hiyo ni hifadhi tangu 1968, iko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Hoteli ina plot yake mpaka pale mpaka wake unapoishia, ufuo si wake hata kama ameweka kamba na askari. Trekta ya hoteli kuchota vitu ndani ya hifadhi si jambo la meneja kuamua akiwa ofisini kwake. Pitieni kwa wadeni, msimamizi wa hifadhi, kwanza, mkipata msimamo wa KWS kwa maandishi mtakuwa na kitu cha kuweka mezani badala ya kubishana nani anapenda kasa.

Na hata plastiki zenyewe, tangu 5 Juni 2020 zile za kutumika mara moja haziruhusiwi kwa hifadhi, zikiwemo fuo za hifadhi, kwa hiyo chupa ndogo za maji na mirija wanayotoa hoteli zingine mpaka kwa viti vya bichi, hilo nalo waulizwe. Ataka bichi safi huku anaichafua mwenyewe?

mkaazi_wa_pwani:
Hapo kwa chupa umenichekesha, maana zingine tunazookota zina lebo ya maji yaleyale wanayouza ndani. Japo kuwa mkweli kuna siku za kusi twaokota chupa zenye maandishi ya Indonesia, zimevuka bahari yote hiyo, na hizo sijui tumshtaki nani.

mama_hesabu:
Mimi ni mweka hazina wa kikundi kingine Kilifi kaunti, si cha taka. Mkaazi, shida yenu naona ni pesa kutoka kwa mtu mmoja. Mtu mmoja akikulipa mshahara wote, siku akitaka trekta utaendesha trekta. Gaweni. Hoteli tatu zikitoa kidogo kidogo kila moja ni bora kuliko moja inayotoa yote, hata jumla ikiwa ndogo.

Tena angalieni walivyofanya wenzetu hapo karibu. Daraja la mbao la kutembelea kwenye mikoko ya Mida, ada ya wageni inaingia kwa bursary za watoto wa sekondari wa familia zinazozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, ule mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Mzazi ambaye mtoto wake analipiwa karo na mikoko humuoni na panga kwenye mikoko. Kule Gazi, Kwale, mradi wa kijiji wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ukaa (walipwa kwa kaboni inayonaswa na mikoko) tangu 2013, pesa imeleta maji ya mfereji na vitabu vya shule. Kuruwitu, huku Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga eneo lao la hekta 30 mwaka 2005, tengefu, hakuna kuvua, watu wakawacheka, leo wageni wanalipa kuja kuona samaki. Kote huko anayelipa analipia kitu kiwepo. Meneja wenu anataka kulipia kitu kisiwepo, na siku kitakapokwisha yeye atahamishiwa hoteli nyingine.

Andikeni mkataba. Wa miezi mitatu, si mwaka. Kazi ziorodheshwe, vifaa nani ananunua, glavu na magunia nani, mtu akikatwa na chupa hospitali nani. Mkishikana mikono tu mtakuja kulia hapahapa kwenye uzi.

pesa_kwanza:
@mama_hesabu nakubaliana na mkataba. Lakini hoteli tatu ziko wapi? Ndugu kaletewa moja.

mama_hesabu:
Zile mbili zingine hazijaulizwa. Hoteli ikiona jirani ana vijana wenye fulana wanalinda viota na yeye hana, atauliza mwenyewe. Hawa watu wanaoneana wivu kuliko sisi.

mkaazi_wa_pwani:
MREJESHO. Samahani nimechelewa, kumekuwa na msiba kijijini.

Tulienda KWS kwanza kama alivyosema mwanasheria. Walitusikiliza, trekta wakasema hapana, haikuhitaji hata maelezo mengi. Mkono na reki kwa njia ya wageni hawakuona neno mradi majani yabaki ufuoni. Watu wa kasa nao wakatupa mtu mmoja aje atufundishe kusoma njia za kasa alfajiri.

Tukarudi kwa meneja wanne, tukampa ile habari ya ngazi za Diani. Nilidhani atatufukuza. Akanyamaza, akatuchukua mpaka kwenye kona ya hoteli yake kwa upande wa kusini, akatuonyesha mizizi ya mvinje iko nje yote, mchanga umetoka chini yake, mti umelala. Kumbe yeye mwenyewe imekuwa ikimsumbua na alikuwa ameshaomba bei ya ukuta.

Basi tumekubaliana njia mbili za kushukia, upana wa viti sita kila moja, kwa reki na mkono, majani yanasogezwa juu chini ya miti. Kwengine ni plastiki tu. Ukaguzi wa kasa alfajiri upo. Taa bado, asema lazima aongee na wenye hoteli, mimi sina imani sana hapo. Malipo yameshuka, ni kama nusu ya yale ya kwanza, na vijana watatu wametoka kwa kikundi kwa sababu hiyo, wawili wameshapata kazi ya mjengo. Yule mama niliyewaambia amebaki.

Kitu kizuri ni kibao. Meneja ataka kibao pale kwenye njia kieleze majani ni nini na kwa nini yapo, na ametaka kiandikwe Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano. Kiitaliano tukamwambia asihangaike, kikundi kizima ni biichi boi wa zamani, Kiitaliano walikiokota kwa wageni, kila mtu ataka aandike yeye na sasa ndiyo wanagombania hilo.

kasa_na_mwezi:
Hongera sana! Taa msimwachilie. Mkikuta kiota mbele ya hoteli yake mpigieni simu yeye wa kwanza aje akione, halafu siku zikikaribia muulizeni tena habari ya taa akiwa amesimama pale.

nahodha_wa_maneno:
Yale majani yaliyo chini ya miti yakizidi je? Kusi nzima si yatafika kwa madirisha.

shangazi_jambiani:
Yaacheni yapigwe na mvua chumvi ishuke, baadaye watu wa shamba la hoteli wayatandaze kwenye shina la mnazi. Mnazi hauogopi chumvi. Kwenye mboga msiweke.

mkaazi_wa_pwani:
Asanteni wote. La mwisho, wilbaro zetu zinazama mchangani tairi lote, watu wamechoka migongo. Nyinyi mwatumia nini?

ngazi_ya_tatu:
Achana na wilbaro. Chukua turubai kuukuu au gunia kubwa lile la kilo 90 ulipasue ulitandaze, toboa pembe mbili za mbele upitishe kamba, mnaweka majani juu mnavuta watu wawili. Inateleza juu ya mchanga haizami, na ikifika mnapindua tu. Kamba iwe ya katani, isiwe ya plastiki, usije ukamletea shangazi kazi ya kuchambua.